Spika Zangu za Kwanza, na Bibi wa Nyuma

Ukienda dukani kununua spika zako za kwanza, kijana wangu, usiende peke yako. Mchukue mtu. Awe dada yako, awe jirani, awe hata mtu mliyenuniana naye, mradi masikio yake ni mazima. Mimi nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimefanya kazi ya spika tangu ujana mpaka mvi, nikajiona sihitaji wa kunisindikiza. Haya ninayowaandikia yalitokea mwaka huu huu, na nikiyakumbuka bado natazama chini.

Nilikuwa fundi mitambo. Ni yule mtu anayekaa nyuma ya meza yenye vitufe vingi kwenye harusi na mazishi, waya umening'inia shingoni, ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka maiki ipige mluzi. Hapo watu wote hugeuka kumtazama kwa pamoja. Nimetazamwa hivyo Kilosa mjini, nimetazamwa Mikumi, nimetazamwa Berega na vijiji ambavyo gari letu lilifika kwa kusukumwa. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya reli. Mimi reli sikuipata, nikapata spika.

Aliyenifundisha aliitwa Mzee Ndimbo. Hakuwa na maneno mengi. Nilipoanza, nilidhani kazi ni kuongeza. Maiki haisikiki, naongeza. Kwaya inalalamika, naongeza. Spika zikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa juani, nami naongeza ili ninyamazishe kilio. Mzee Ndimbo alinipiga kofi mkononi akasema, "Punguza! Ukiona inalia, punguza. Umeona wapi mtoto analia ukamjazia uji puani?"

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa lingine. Kila tukishafunga vyombo, kabla shughuli haijaanza, alikuwa anaacha meza na kutembea mpaka kiti cha mwisho kabisa. Pale nyuma hukaa bibi. Popote uendako, mkutano wowote, nyuma kabisa kuna bibi mmoja aliyefika mapema na khanga yake. Mzee Ndimbo huchuchumaa mbele yake, husema shikamoo, halafu huuliza, "Bibi, unasikia?" Bibi akisema hasikii, tunaanza upya. Akisema anasikia ila maneno yanagongana, tunahamisha spika. Nilimuuliza kwa nini hatumii masikio yake mwenyewe, yeye ambaye ni fundi. Akanijibu, "Masikio ya fundi yana kiburi. Yanasikia kile alichokusudia. Bibi wa nyuma anasikia kilichotoka." Tukawa tunaita hivyo hivyo: kuuliza bibi wa nyuma. Hata siku ambazo nyuma kulikaa vijana watupu tulisema, "Umeshamuuliza bibi wa nyuma?"

Hilo la bibi msilisahau, nitalirudia.

Makosa yangu ni mengi, na moja linawahusu nyinyi hasa kwa sababu mnapiga muziki kwa simu. Tulikuwa kwenye mazishi Mikumi, upande wa barabara kuu ambako malori hulala. Nyimbo za maombolezo zilikuwa zinatoka kwenye simu yangu. Jeneza linatolewa ndani, watu wameinamisha vichwa, mara nikapigiwa. Na mlio wa simu yangu siku zile ulikuwa ngoma ya kukatikia. Ulilia kwenye spika zote nne. Dereva mmoja wa lori aliyesimama pembeni alinifuata baadaye akaniambia, "Mjomba, marehemu nilimfahamu, angecheza." Ndugu wa marehemu hawakuona hivyo. Basi simu ikishachomekwa kwenye spika, iwekeni kwanza isiweze kupigiwa. Mimi tangu siku ile simu yangu haina mlio kabisa. Inatetemeka tu mfukoni, na hiyo ilikuja kunifaa kwa sababu nyingine, kama mtakavyoona.

Nyumbani kwangu Mabwerebwere sikuwahi kuwa na spika. Mtu aliyeshinda na makelele anataka kurudi penye utulivu. Na mke wangu, Mama Yusta, hakuzihitaji. Aliimba akichambua mchele, aliimba akifagia uwanja. Kanisani kwetu yeye ndiye alikuwa mwanzishaji wa kwaya: anaanza mstari peke yake, wenzake wanaitikia. Walikuwa wakisema bila yeye wimbo hauwaki. Nami nikiwa nyuma ya mitambo alikuwa ananitania mbele ya kwaya nzima, "Sisi kazi yetu kuimba. Wewe kazi yako kutusikiliza. Na usilale." Mimi siimbi. Sijawahi kuimba hata kanisani.

Alifariki mwaka jana. Nyumba ilipata utulivu kuliko nilivyowahi kuutaka, na sitaandika zaidi ya hapo.

Mwaka ulipokaribia kutimia tukapanga ibada ya kumbukumbu nyumbani. Mama yake mzazi, mama mkwe wangu, anaishi Berega. Siku ya mazishi alikuwa kitandani mgonjwa, hakuweza kuja. Sasa alikuwa amepata nafuu, akamtuma mdogo wa marehemu, shemeji yangu Roza ambaye ni jirani yangu, aniletee ujumbe. Roza alikaa sebuleni akanieleza kama alivyoambiwa: "Mama anasema kaburi ataliona. Lakini kwanza anataka amsikie mwanawe anavyoanzisha. Anasema sauti yake inaanza kumpotea kichwani, na anaogopa."

Sauti ilikuwepo. Kwaya yao iliwahi kwenda Morogoro kurekodi wimbo mmoja, na wimbo huo ulikuwa kwenye simu yangu. Lakini kispika cha simu kinatoa sauti kama nzi ndani ya chupa. Huwezi kumpa mama aliyefiwa sauti ya mwanawe kama nzi. Nikasema nitanunua spika za nyumbani, mbili, zile zenye amplifaya humo humo ndani yake, ambazo hazihitaji mtambo mwingine. Nikaenda Mikumi.

Kuna duka pale linaloendeshwa na Mama Sayi, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Yeye ng'ombe kawaachia kaka zake, anauza simu na spika kwa wenye baa na nyumba za wageni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka spika mbili za sebuleni, zenye amplifaya ndani."

"Sebule kubwa kiasi gani?"

Lilikuwa swali zuri, na hata nyinyi mkiulizwa jueni mko kwa muuzaji mzuri. Kuna watu wananunua spika za ukumbini wanaziweka chumba cha kitanda na kabati. Kinachotoka humo ni mtikisiko wa vyombo, muziki hauusikii. Nilimwambia sebule yangu ni ya viti vinne na meza. Akanionyesha jozi tatu.

Hapo nilifanya vizuri, acha niseme ukweli wote. Ile yenye taa za rangi zinazowaka na kuzima niliipita, maana taa haisikiki. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi sikuzisoma, kwa sababu boksi haliimbi. Niliinyanyua kila spika nikapima uzito mkononi, kwa kuwa nyepesi sana mara nyingi ndani ni hewa. Niligonga ubavu kwa kidole. Ukigonga ikalia kama debe, basi kila wimbo utakaoupiga utakuwa na debe ndani yake. Na nilimwambia apige kwa sauti ya chini kwanza, kwa sababu kila spika ni nzuri ikipigwa kwa nguvu, kama vile kila mtu ni hodari akiwa anapiga kelele.

Halafu akapiga wimbo, akasema, "Sikiliza hii ya juu, baba. Ile chenga chenga ya matoazi. Hii jozi inaitoa vizuri, ile inaifunika. Unaisikia?"

"Naisikia," nikasema.

Sikuisikia. Miaka mingi nilikaa juu ya gari la matangazo, tarumbeta mbili za spika nyuma ya kichwa changu. Sauti za juu zilianza kuondoka moja moja. Kwanza matoazi, halafu ndege wa asubuhi, halafu mwisho wa maneno ya wanawake na watoto. Sikumwambia mtu. Fundi mitambo asiyesikia atamwambia nani? Nilijifunza kutazama midomo, na kutikisa kichwa wengine wanapotikisa. Mama Sayi aliniuliza tena, nikatikisa kichwa. Nikachukua jozi aliyoichagua yeye.

Akafungua boksi kunionyesha kilichomo. "Waya wake uko huku chini, baba. Ngoja nikuonyeshe unavyochomekwa."

"Binti yangu," nikamwambia, "mimi nilikuwa nafunga waya kabla hujazaliwa. Waya ninao nyumbani. Mnene."

Akacheka kwa adabu, akafunga boksi. Nikalipakata njia nzima mpaka nyumbani.

Waya wangu ulikuwa urithi wa kazi. Upande mmoja pini ndogo ya kuingia kwenye simu, upande wa pili pini kubwa ya kuingia kwenye spika, na katikati mpira mnene usiokatika hata ukikanyagwa na gari. Nikaziweka spika juu ya vigoda viwili, zikiwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa, nikaziacha mbali kidogo na ukuta ili besi isirundikane nyuma yake. Nikachomeka waya wangu kutoka kwenye simu hadi spika ya kwanza, na waya mwingine kutoka spika ya kwanza kwenda ya pili. Nikawasha simu kwanza, spika mwisho, maana ukitanguliza spika zinapiga kishindo cha kuumiza. Nikapiga wimbo. Magitaa yakatoka, kwaya ikatoka. Nikatosheka. Sikumuuliza bibi wa nyuma. Nyumbani kwangu sasa hakuna mtu wa kumuuliza, na hicho si kisingizio, Roza yuko nyumba ya pili.

Siku ya ibada watu walijaa sebule mpaka barazani. Mama mkwe nilimwekea kiti karibu na mlango ili apate hewa, kwa hiyo akawa wa mwisho kabisa, khanga mbili, fimbo mapajani. Kwaya walikaa mbele. Mchungaji alipomaliza nikasimama, nikasema sasa tutamsikiliza Mama Yusta. Nikabonyeza. Nikakaa, nikafumba macho.

Nilisikia magitaa. Nilisikia wanakwaya wakiitikia. Kati yao mlikuwa na nafasi, na nafasi hiyo mimi niliizoea, kwa sababu siku hizi dunia yangu imejaa nafasi ambazo najua kuna kitu ndani yake ila siwezi kukishika. Nikaijaza mwenyewe. Nilimsikia mke wangu anaimba, nawaambia kweli, nilimsikia neno kwa neno, na nikatikisa kichwa kwa mapigo yake.

Watu wengine walikuwa wanasikia kilichotoka. Na kilichotoka kilikuwa hivi: magitaa, halafu hamna mtu, halafu kwaya nzima inamwitikia asiyekuwepo. Palipotakiwa sauti yake palibaki mwangwi mwembamba, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. Baadaye mwenyekiti wa kwaya, Mama Upendo, aliniambia kwamba walitazamana, mmoja akataka kusimama, yeye akamvuta khanga na kumnong'oneza, "Kaa chini. Baba Yusta ni fundi, ameitoa sauti makusudi. Hawezi kuisikia, inamuumiza. Tumheshimu." Wakaheshimu. Sebule nzima iliniheshimu, nami nimefumba macho natikisa kichwa.

Aliyeuliza ni mama mkwe. Sikumsikia, ila niliona vichwa vinageuka kuelekea mlangoni nilipofumbua macho. Alikuwa ameuliza, "Mbona haanzi?"

Roza akainama karibu na sikio langu. "Shemeji, dada hayupo."

"Najua, Roza," nikasema. Nilidhani ananifariji.

"Hapana. Kwenye wimbo. Dada hayupo kwenye wimbo."

"Yupo. Si huyo anaimba?"

Roza alinitazama. Sitausahau uso wake, maana hapo ndipo alipoelewa kabla mimi sijaelewa. "Haimbi mtu, shemeji," akasema polepole, akikunja midomo vizuri ili niisome. "Haimbi mtu."

Nikasimamisha wimbo. Fundi mitambo ana maneno yake ya siku kama hiyo, yako tayari mdomoni muda wote: umeme leo ni mdogo. Flashi imepata virusi. Spika bado ni mpya, hazijazoea. Nimeyatumia mbele ya maharusi na mbele ya wakubwa, na watu huyakubali kwa sababu hawajui. Nilisimama katikati ya sebule yangu na lile la umeme likawa limeshafika kwenye ulimi. Mama mkwe alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, ananisubiri. Alitoka Berega na kiuno chake kinachomuuma, asikie kitu kimoja.

"Mama," nikasema, "naomba mnisamehe. Mimi sisikii vizuri. Nilikaa hapa nikidhani anaimba."

Mama Upendo aliweka mkono mdomoni.

"Husikii tangu lini?" mama mkwe akauliza. Ilibidi Roza anirudishie swali hilo.

"Siku nyingi, mama."

"Na mwanangu alijua?"

Sikuwahi kumwambia mke wangu. Lakini pale pale nikakumbuka kwamba kila tulipokaa, kanisani, mezani, hata kitandani, alikuwa anahamia upande wangu wa kulia, ambako bado kuna sikio kidogo. Nilidhani ni mazoea yake. Na simu yangu ilipokuwa inatetemeka mezani alikuwa ananisukumia kwa kidole, bila neno.

"Nadhani alijua, mama. Alinistahi."

"Haya," akasema. "Basi tafuta alikokwenda."

Nikampigia Mama Sayi, Roza ndiye aliyeshika simu na kuongea. Nilikuwa naona aibu kama mtoto aliyejikojolea shuleni. Roza akasikiliza, halafu akaniambia, "Anauliza umetumia waya gani. Anauliza ni ule wa mitambo ya maiki?"

"Ndiyo."

"Anasema rudi kwenye boksi, baba. Chini ya karatasi."

Waya wa boksi ulikuwa mwembamba, na pini moja ya simu inayogawanyika kuwa mbili: mkia mmoja wa spika ya kushoto, mmoja wa kulia. Nilipoutazama tu nikaelewa nilichofanya, na nitawaeleza ili msikifanye. Simu inatoa muziki wa pande mbili, kushoto na kulia. Mwimbaji anayeongoza kwa kawaida huwekwa sawasawa pande zote mbili, ndiyo maana unamsikia katikati. Sasa lile tundu kubwa la spika limetengenezwa kwa ajili ya maiki na waya mrefu. Linapokea nyaya mbili, linazilinganisha, na kile kinachofanana kwenye zote mbili linakitupa, kwa sababu kwenye kazi ya maiki kinachofanana huwa ni kelele iliyodandia njiani. Miaka yote nilikuwa na miksa katikati, ile meza ya vitufe, nayo ilikuwa inanifichia jambo hilo. Safari hii nilichomeka pande mbili za wimbo kwenye tundu moja. Magitaa hayakufanana kushoto na kulia, yakapita. Wanakwaya walitawanywa huku na huku, wakapita. Mke wangu alikuwa katikati. Spika ikamwona ni kelele, ikamtupa.

Kwa hiyo pande mbili za wimbo zipeni njia mbili. Na waya uliokuja ndani ya boksi ujaribuni kwanza, hata kama ni mwembamba, hata kama mlifunga waya kabla muuzaji hajazaliwa.

Sikuchomeka mimi. Nilimwambia Roza afanye, nikamwonyesha kwa kidole. Halafu nikaiacha ile meza, nikapita katikati ya watu mpaka mlangoni, nikachuchumaa mbele ya mama mkwe, kwa umbali wa heshima unaostahili mkwe. Magoti yalilia, hilo nililisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nitakuuliza, mama. Unasikia?"

Roza akabonyeza. Mama mkwe akainua kidevu. "Nasikia magitaa," akasema. "Subiri." Nikatazama midomo yake. Mkono wake uliachia fimbo, ukapanda hewani kidogo, kama mtu anayemsimamisha mpita njia.

"Ameanza," akasema.

Mimi nilipata sehemu ya chini tu ya sauti ya mke wangu, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango uliofungwa. Ile ya juu, iliyowafanya watu waseme wimbo unawaka, imeshaondoka kwangu na hakuna waya wa kuirudisha. Lakini niliyaona macho ya mama yake, na kwa macho hayo nilijua yuko mstari gani, na neno gani, na anakaribia wapi. Wanakwaya pale mbele walikuwa wamesimama bila kuambiwa. Mstari ulipokwisha wakaitikia, wale wa kwenye spika na hawa wa sebuleni, pamoja.

Mke wangu aliniachia kazi moja, kumsikiliza, na hiyo ilinishinda. Mama mkwe aliniashiria kwa kidevu kwamba anaanza mstari wa pili. Nikausubiri uishe, nikafungua mdomo, nikaitikia.